Mama Mja Mzito na Mchele Mbichi

Katika nyumba zetu za Mpendae kuna jambo ambalo karibu kila mwanamke analijua, lakini ni nadra kutajwa mbele ya daktari. Mama mja mzito huketi na ungo mapajani akichagua mchele wa chakula cha mchana. Mkono mmoja huokota chuya na vijiwe. Mkono wa pili hupeleka punje kinywani. Mwanzo huwa punje mbili tatu, baadaye huwa konzi nzima, na wako wanaoufunga mchele katika pembe ya khanga wakautafuna njiani mpaka wafike sokoni Mwanakwerekwe.

Sisi tunaomwona humcheka. Mmoja atasema anadeka, mwingine atasema ni mtoto tumboni ndiye anayeutaka. Mama mkwe atamkemea kwa kuwa mchele wenyewe ni ghali. Matokeo yake ni kwamba mama huyo hujifunza kuficha, na jambo lililofichwa halipati dawa.

Hamu hiyo si upungufu wa adabu, wala si ya mtaa wetu peke yake. Mwaka 2010 mtaalamu wa Kimarekani, Sera Young, pamoja na wenzake, walichapisha matokeo ya uchunguzi walioufanya kwa wanawake waja wazito 2,368 katika kisiwa cha Pemba. Wanawake 36 katika kila 100 walikiri kula vyakula vya wanga vikiwa vibichi, na mchele ndio uliokuwa mbele. Watano katika kila 100 walikula udongo. Wenye mazoea hayo walionekana kuwa na damu pungufu kuliko wenzao, na walilalamika zaidi juu ya kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Uchunguzi huo hausemi kwamba mchele ndio uliowapunguzia damu. Huenda upungufu wa damu ndio unaoleta hamu, na huenda kila kimoja kinamwongeza mwenzake. Lakini kwa mama wa nyumbani funzo ni moja: hamu ya mchele mbichi ni sababu tosha ya kwenda kupima damu.

Nililiona jambo hilo kwa macho yangu katika ukoo wetu. Wifi yangu alipokuwa na mimba ya miezi sita alikuwa akiweka kibaba cha mchele chini ya mto wake wa kulalia. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole, "Wifi, mchele huu una harufu kama ya ardhi iliyonyeshewa. Nikiukosa situlii." Alikuwa akichoka upesi, akipanda ngazi chache moyo ukimwenda mbio, na viganja vyake vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyefua mchana kutwa.

Nilifuatana naye kliniki. Mkunga, mama wa makamo, alimuuliza juu ya usingizi, miguu na mkojo. Wifi yangu akayajibu yote, ila la mchele akalinyamazia. Nilimgusa bega, naye akainamisha uso akasema.

"Tangu lini, mwanangu?" akauliza mkunga.

"Tangu mwezi wa tatu, mama."

Mkunga hakucheka wala hakugomba. Aliandika katika kadi, akampeleka kupima damu, na kipimo kikaonyesha kwamba damu ilikuwa chini sana. Alipewa vidonge vya kuongeza damu, akaelezwa namna ya kuvitumia na siku ya kurudi. Baada ya majuma kadhaa aliniambia kwamba kibaba kile kilikuwa kimerudi jikoni, wala hakumbuki ni siku gani alikirudisha.

Yafaa sasa tueleze kwa nini damu hupungua. Mwili wa mama mja mzito hutengeneza damu nyingi zaidi ili imtoshe yeye na mtoto, na damu haitengenezwi bila madini ya chuma. Akiwa ameingia katika mimba akiba yake ikiwa ndogo, kwa sababu ya uzazi wa karibu karibu, au safura, au malaria, au chakula duni, akiba hiyo huisha upesi. Kwa kipimo cha kimataifa, mja mzito huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 11 za himoglobini kwa desilita katika miezi mitatu ya mwanzo na ya mwisho, au chini ya gramu 10.5 katika miezi ya katikati. Upungufu ukizidi, mama hukosa nguvu, mtoto aweza kuzaliwa na uzito mdogo au kabla ya wakati wake, na damu kidogo itakayomtoka mama siku ya kujifungua yaweza kuwa hatari kwa maisha yake.

Mchele mweupe hauna chuma cha kutosha kuziba pengo hilo. Ukiliwa mbichi madhara huongezeka: hujaza tumbo na kuondoa njaa ya chakula chenye faida, huumiza meno, na huingiza mwilini vumbi la ghala, kinyesi cha panya na vijidudu ambavyo vingekufa chunguni.

Hata uliopikwa una masharti yake. Wengi wetu tumelelewa kwa wali wa mwiku, unaolala sufuriani usiku kucha na kuliwa asubuhi na chai. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa Uingereza waligundua kwamba watu waliougua baada ya kula wali wa kukaanga walidhuriwa na kijidudu kiitwacho *Bacillus cereus*. Mbegu zake hustahimili mchemko, na wali ukikaa katika joto huota na kutoa sumu. Sumu moja kati ya hizo haiondoki hata wali ukipashwa moto tena. Mja mzito anayetapika na kuharisha hupoteza maji upesi, na anayeumia si yeye peke yake.

Kwa hiyo wali uliopikwa usikae nje zaidi ya saa mbili. Uliobaki utandazwe katika sinia upoe haraka, kisha uwekwe ndani ya jokofu na kuliwa kesho yake ukiwa umepashwa moto mpaka utoe mvuke kote. Asiye na jokofu apike kwa kipimo. Wala jokofu lisitutie kiburi: waliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanakumbuka kisiwa kizima kilivyokaa miezi mitatu bila umeme wa gridi.

Jambo jingine ni ukungu. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu kadhaa walifariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka na karanga zisizokaushwa vizuri. Mapishi yetu ya kawaida hayaiondoi, na humpita mama ikamfikia mtoto tumboni. Unga wenye uchungu, mahindi yenye madoa na karanga zilizosinyaa visipunguziwe bei vikaingia katika uji wa mja mzito. Hapo urahisi ni ghali.

Baada ya makatazo hayo, msomaji asidhani kwamba nafaka ni adui. Bokoboko la ngano na nyama, uji wa mtama uliochachushwa, mkate wa mofa, wali wa moto kwa maharage na mchicha, vyote ni chakula chema. Kuchachusha unga hupunguza kile kinachokizuia chuma kisiingie mwilini. Nafaka hupenda kufuatana na mwenzake: samaki, nyama, choroko au kunde humletea mama chuma, na ndimu, embe au chungwa husaidia mwili kukipokea. Anayetuharibia ni chai ya rangi na kahawa vinywewapo pamoja na chakula, kwani huzuia chuma. Chai ingojee saa moja au mbili, na kidonge cha kuongeza damu kisimezwe kwa chai.

Juu ya vidonge, ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba mja mzito apate kila siku chuma miligramu 30 hadi 60 pamoja na asidi ya foliki mikrogramu 400. Vidonge hivyo hugeuza choo kuwa cheusi na mara nyingine huchafua tumbo. Hilo si alama ya sumu, na anayesumbuliwa arudi kliniki ashauriwe, asivitupe jalalani. Dawa ya minyoo nayo hutolewa kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita.

Wajibu huu haumhusu mama peke yake. Mume anayeleta mchele nyumbani akumbuke pia fungu la mchicha na ndimu. Mama mkwe na wifi, ambao ndio wanaokaa naye jikoni mchana kutwa, waache kumcheka na badala yake wamuulize taratibu: unautamani tangu lini, na umekwisha kumwambia mkunga? Swali hilo halina gharama. Likiulizwa mapema, mama ataingia chumba cha uzazi akiwa na damu ya kutosha.