Jina Lililo Juu ya Mlango

Nilifika Jamaica Inn jioni yenye ukungu mzito, nimelowa mpaka soksi. Nikasukuma mlango, nikavuta kiti karibu na moto, nikaagiza chai. Mtu aliyetoka kwenye baridi ya namna ile hana maswali; ana shukrani tu.

Nyumba hiyo iko kwenye nyika ya Bodmin, Cornwall, kule Uingereza inakochomoza kuingia baharini. Ilijengwa mwaka 1750 kwa ajili ya wasafiri wa magari ya farasi waliokwenda kati ya Launceston na Bodmin. Farasi waliochoka walifunguliwa, abiria wakapata chakula na kitanda. Ushuru ulikuwa mkubwa na fukwe hazikuwa mbali, kwa hiyo ikawa pia maficho ya magendo: chai, tumbaku na pombe kali zilizoshushwa usiku ziliwekwa humo kabla ya kusafirishwa. Magari ya farasi yalikwisha zamani. Baa ipo, na moto bado unawaka.

Mwaka 1930 mwandishi Daphne du Maurier alifikia hapo. Yeye na rafiki yake walitoka kupanda farasi, ukungu ukawapoteza nyikani. Walipoishiwa na ujanja wakalegeza hatamu, na farasi wenyewe wakawarudisha mpaka mlangoni. Riwaya aliyoipa jina la nyumba hiyo ilitoka mwaka 1936, na tangu hapo wageni humiminika kuwatafuta wafanya magendo.

Nami niliwafuata hao hao. Lakini kila nilipoinua macho niliona neno moja: Jamaica. Limefikaje kwenye nyika hii ya baridi?

Wapo wanaosema ni kwa sababu ya pombe ya ramu. Wengine huutaja ukoo wa Trelawny, wenye ardhi wa Cornwall, uliotoa magavana wa Jamaica katika karne ya 18. Edward Trelawny ndiye aliyekuwa gavana mwaka 1739, Waingereza walipolazimika kuwekeana mkataba na Cudjoe, kiongozi wa Wamaroon, watu walioukimbia utumwa wakajitawala milimani. Waliobaki mashambani waliendelea kukata miwa. Sheria ya kufuta utumwa ilipoanza kazi mwaka 1834, Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia mabwana. Waliotumikishwa hawakupewa kitu.

Nikairudia chai yangu. Kijiko kilikuwa kimesimama kwenye bakuli la sukari. Nilikitazama kwa muda.

Nikaikumbuka nyumba ya bibi yangu, Pangani. Kwenye ukuta wa chumba cha uani palikuwa na pete ya chuma, nene kama kidole gumba, iliyolika kwa chumvi. Sisi watoto tulifungia hapo kamba ya kuanikia nguo. Siku moja nilimuuliza bibi ilikuwa ya nini. "Mjukuu wangu, hiyo imenikuta humu," akasema, akaendelea kuchambua mchele. Sikuuliza tena. Pangani ilipitisha pembe za ndovu, ikapitisha na watu. Niliyasoma hayo shuleni, nikafaulu mtihani, wala sikuyaunganisha na ukuta wa kwetu.

Ni rahisi kuwadai wenye baa waseme habari zote za nyumba yao. Kwetu tulikuwa tumeridhika na kamba ya nguo. Naona sasa kwamba nyumba uliyolelewa ina haki ya kuulizwa, hata kama jibu litauma, maana walioteseka ndani yake hawana mwingine wa kuwaulizia. Na wenye majibu wanaondoka mmoja mmoja.

Usiku ule nilimpigia simu shangazi, mkubwa wa waliobaki. Baada ya shikamoo na habari za watoto, nikamuuliza kuhusu pete. Alinyamaza, mpaka nikadhani simu imekatika.

"Hayo hayasemwi kwenye simu, mwanangu," akasema. "Njoo, tukae."

Nimeshakata tiketi.