Kontena Kuukuu Kitengela: Ni Nyumba au Mzigo?

Msomaji, ukiiacha barabara ya Mombasa pale Athi River na kushika ile ya Namanga, hutakwenda mbali kabla hujaanza kuyaona. Kwanza moja la kinyozi, kisha la muuza simiti na misumari, kisha la M-Pesa. Kitengela ni mji uliokua mbio baada ya viwanda vya EPZ kuanzishwa Athi River kufuatia sheria ya 1990, na kontena ni duka unaloweza kulifungua wiki hii hii.

Siku hizi kuna wanaoyataka si kwa biashara tu. Familia ya Nairobi iliyonunua ploti ya futi 50 kwa 100, iwe Kitengela, Isinya au Kajiado penyewe, hujiuliza: ya nini kuendelea kumlipa mwenye nyumba, ilhali sanduku kuukuu likipigwa rangi na kutobolewa madirisha laweza kutuhifadhi? Swali ni la haki. Ila rangi haitakupa jibu.

Fahamu kwanza unachouziwa. Safari za kontena zilianza 1956, Mmarekani Malcolm McLean alipopakia masanduku 58 kwenye meli kutoka Newark hadi Houston. Liliundwa libebe shehena na kupangwa juu ya wenzake, basi. Hakuna aliyefikiria jikoni wala kitanda. Uzito hubebwa na nguzo nne za pembeni. Kuta ni chuma chembamba, milimita 2 hivi, na ile mikunjo yake ndiyo inayoupa ukuta nguvu. Ukikata upande mzima ili upate sebule pana bila kuchomelea fremu, paa litabonyea.

Kwa hiyo ukienda kulikagua, inama. Tazama mihimili ya chini inayoshikilia sakafu, maana huko ndiko kutu hujificha. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilichooza huitika kwa sauti iliyokufa. Kisha ingia, ufungiwe milango mchana wa jua kali, utazame juu. Ukiona nyota, paa limetoboka. Tundu la paani au ukutani hutibika kwa kiraka. Mihimili au nguzo zikiwa zimeliwa, mwage muuzaji kwa heri, hata akupunguzie bei namna gani.

Mlangoni pana kibati cha chuma. Husomeka mwaka wa kuundwa na, aghalabu, dawa iliyotiwa kwenye mbao. Usikipuuze. Sakafu nyingi ni plaiwudi ya milimita 28 iliyotiwa sumu ya wadudu, na sumu nyingine za zamani zilikuwa kali mno. Kama una mtoto anayetambaa, ing'oe.

Upana wa ndani ni mita 2.35. Ukiongeza ubao na kizuia joto pande zote mbili, unabaki na mita 2.2 hivi. Kitanda cha tano kwa sita kikilazwa kukingama, utapita kiupandeupande. Na kizuia joto hakiepukiki. Nenda Kajiado saa nane mchana, mwezi wa Februari, uguse ukuta wa kontena, kisha uingie katika nyumba ya Kimaasai ya fito na samadi, kazi ya mikono ya akina mama. Utajua nani alielewa jua la huku. Na asubuhi za Julai kuna kero nyingine: pumzi za waliolala hugeuka maji na kutiririka ukutani. Dawa ni matundu ya hewa, na paa la pili la mabati lililoinuliwa ili upepo upite katikati. Paa hilo pia litakuvunia maji ya mvua, na huku maji ni mali.

Jumlisha basi: kontena, usafiri, winchi, fundi wa kuchomelea, kizuia joto, sakafu mpya, paa la pili, na ruhusa kutoka ofisi ya mipango ya kaunti. Linganisha na chumba cha mawe cha ukubwa huohuo. Kwa familia ya watu watano yenye hati safi mkononi, mimi ningechagua mawe. Lakini kama mipaka ya shamba bado inabishaniwa, au kazi yaweza kukuhamisha, kontena lina sifa ambayo mawe hayana. Linanyanyuliwa na kuondoka nawe.

Ukiamua kulinunua, chimba kwenye pembe nne mpaka uupite udongo mweusi, kwa kuwa huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na kontena likiinama hata kidogo milango haifungi. Na usilete lori la winchi Aprili. Udongo huohuo utalimeza magurudumu mbele ya majirani zako wapya, nawe ulipie trekta la kulivuta.