Nilitamani Nipone Bila Kusema

Kwetu Tanga mtu akinenepa huambiwa amependeza, akikonda huulizwa anaumwa nini. Mimi sikunenepa wala sikukonda, kwa hiyo ugonjwa wangu uliishi miaka bila mtu kuushuku. Unaitwa bulimia. Unafakamia chakula hata ladha huisikii, kisha aibu inakushika, unajifungia chooni na kujitapisha. Kesho yake unajinyima kutwa nzima kwa kujiadhibu, na njaa hiyo hiyo ndiyo inayokurudisha jikoni usiku.

Ramadhani ndiyo iliyonisitiri zaidi. Mchana hakuna anayeuliza mbona huli; magharibi pana uji, tambi, mihogo ya nazi na sambusa, na mlaji mzuri anasifiwa. Nilikuwa naishi London kwa binamu yangu. Baada ya futari nilikuwa nafungulia bomba la maji kwa nguvu ili sauti isitoke nje, naye akiamini natawadha kwa ajili ya tarawehe.

Habari ya hipnosisi niliipata kwa mfanyakazi mwenzangu aliyeacha sigara kwa tiba hiyo. Alisema unaegemea kitini, unafuata sauti ya mtaalamu, pumzi zinashuka, mwili unalegea. Hupotezi fahamu, unasikia kila neno, ila akili inakuwa tayari kupokea unachoambiwa. Nilivutiwa mno. Nadhani kilichonivuta hasa ni kwamba yeye ndiye angeongea, mimi ningenyamaza.

Nilipomgusia mama kwa simu, alishtuka. "Mwanangu, mtu akuchezee akili? Si bora twende kwa shehe akusomee?"

"Mama, huu si uganga, ni tiba."

"Haya. Na huyo mtabibu kasomea wapi?"

Sikuwa na jibu, nikaanza kusoma. Tiba yenyewe ina asili ya heshima: James Braid, daktari mpasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, aliichapishia kitabu mwaka 1843, akiitenga na madai ya Mesmer ya nguvu za sumaku mwilini. Lakini swali la mama lilinirudisha kwenye sheria. Uingereza mtu yeyote anaweza kujiita mtaalamu wa hipnosisi, kwa kuwa jina hilo halilindwi. Ajabu ni kwamba iko sheria ya mwaka 1952 inayomtaka anayefanya hipnosisi jukwaani kuburudisha watu awe na kibali. Anayekutibu chumbani kwake haimgusi.

Hata hivyo nilikwenda kuonana na bwana mmoja. Chumba kizuri, zulia laini, muziki wa maji yanayotiririka. Alitaka malipo ya vikao vyote kwanza, akaniahidi kwamba hamu ya kula itakwisha. Nikamsubiri aniulize kama natapika, mara ngapi, tangu lini. Hakuuliza. Nikaaga.

Wiki hiyo nilikwenda kwenye kliniki ya mtaa kwa jambo jingine kabisa. Nesi alipotaka kunipima presha aliushika mkono wangu wa kulia, akaangalia sugu kwenye vifundo vya vidole, hapo meno yanapokwaruza mtu anapojitia kidole kooni. Hakusema kitu; alifunga mlango tu, akavuta kiti. Alama hiyo inaitwa kwa jina la Gerald Russell, daktari wa hospitali ya Royal Free, London, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1979. Nikasema yote siku hiyo. Damu ilipopimwa, potasiamu ilikuwa chini. Kutapika huimaliza, na ikipungua sana mapigo ya moyo huvurugika. Hakuna sauti nyororo inayoweza kuipandisha.

Mwongozo wa tiba wa Uingereza wa mwaka 2017 hauitaji hipnosisi katika matibabu ya bulimia. Unaanza na kujisaidia kwa kitabu chini ya usimamizi, kisha tiba ya kubadili fikra na mwenendo, hadi vikao 20. Nilipitia vyote viwili. Kazi yake ni ya kuchosha: kuandika kila ulichokula na ulivyojisikia, na kula kwa saa maalumu hata kama jana ulifakamia, maana kujinyima ndiko kunakouchochea ugonjwa. Ramadhani iliyofuata sikufunga. Mgonjwa ameruhusiwa kula, na mama ndiye aliyewanyamazisha mashangazi.

Siidharau hipnosisi. Nilimuuliza mtaalamu wangu, akasema inaweza kumtuliza mtu mwenye wasiwasi, mradi iongezwe juu ya tiba ya kubadili fikra na mwenendo, na ifanywe na mtu anayeujua ugonjwa. Huenda siku moja nikaijaribu kwa ajili ya usingizi wangu, ambao bado ni wa mang'amung'amu.

Ila wewe unayejitapisha sasa hivi kwa siri, usianze na kiti cha kuegemea. Anza na kipimo cha damu, na umwambie anayekupima kwa nini umekwenda.