Chumba cha nyongeza kilichoninyima usingizi

Miaka 9 ya kupanga Mbagala ilitosha. Tulipopata nyumba ya kununua Chamazi, watoto waligawana vyumba siku hiyohiyo. Wavulana walichagua cha nyuma, kilichoongezwa miaka mingi baada ya nyumba kujengwa.

Mimi niliona ufa. Ulianzia juu, pale ukuta wa nyongeza ulipokutana na wa zamani, ukashuka hadi sakafuni. Kidole kiliingia. Dalali akasema, "Ni plasta tu, mama."

Baba watoto alitaka tulipe kabla hajatokea mteja mwingine. Tuligombana. Mwishowe, kwa ruhusa ya muuzaji, nikamleta fundi achimbe pembeni ya ukuta. Msingi haukuwepo, tofali zilianzia juu ya mchanga. Mpima naye akatafuta bikoni: nusu mita ya chumba ilikuwa kwenye kiwanja cha jirani.

Tulinunua, ila kwa bei ya nyumba isiyo na chumba kile, na tukakibomoa kabla ya kuhamia. Wavulana wanalala sebuleni na bado wananuna. Lakini mvua ikinyesha usiku, mimi nalala.

Mzazi mwenzangu, kabla hujalipa, chimba kwanza.