Daftari Letu la Jumamosi

Kwa muda wa miezi kadhaa tulikuwa tukikutana kila Jumamosi jioni, baada ya mazoezi ya kwaya, katika nyumba moja ya Nguba, hapa Ibanda. Siku za watu wengi tulifika kumi na wawili; siku za mvua tulikuwa watano. Mwenzetu mmoja alikuwa amepata kwenye flashi vipindi vya zamani vya Star Trek, vile vilivyoonyeshwa Marekani kuanzia 1966 hadi 1969. Sauti ilikuwa ya Kiingereza, na chini ya picha palipita maandishi ya Kifaransa. Umeme ulikatika mara kwa mara, nasi tulizoea kungoja gizani tukisimuliana habari iliyokatizwa.

Hapo ndipo daftari lilipozaliwa. Kila umeme uliporudi tuligundua kwamba kila mmoja alikuwa na kisa chake. Tukakubaliana kwamba mmoja wetu aandike: jina la kipindi, wahusika, yaliyotokea. Baada ya wiki chache tuliongeza ukurasa wa mwisho kwa kila kipindi, tukauita «Makosa». Humo tuliandika mahali ambapo hadithi ilijipinga yenyewe. Ukurasa huo ndio uliotufurahisha kuliko yote, na ndio uliotuponza.

Hatukujua kwamba kazi hiyo ilikuwa na historia ndefu. Mwaka 1969 Bjo Trimble wa Marekani alitoa Star Trek Concordance, kitabu kilichojengwa juu ya orodha zilizokusanywa na shabiki mwenzake, Dorothy Jones. Hakikuwa kitabu cha wenye mfululizo. Mashabiki walikichapisha wenyewe, na kampuni ya vitabu ilikichukua baadaye, mwaka 1976. Mama huyo huyo, pamoja na mumewe John, ndiye aliyekuwa ameongoza kampeni ya barua za kuomba mfululizo usikatishwe. Nchini Uingereza, mwaka 1995, Paul Cornell, Martin Day na Keith Topping walitoa mwongozo wao usio rasmi wa Doctor Who, mfululizo ulioanza tarehe 23 Novemba 1963. Waliandika makosa ya kila hadithi bila kuyaficha, kisha wakatoa hukumu yao juu yake. Mfululizo huo ulihitaji mashahidi wa namna hiyo, kwa maana BBC yenyewe ilifuta kanda zake nyingi. Zaidi ya vipindi 90 vya miaka ya 1960 havina picha hadi leo, lakini sauti zake zipo, kwa sababu watazamaji walizirekodi nyumbani mwao.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki kazi ya mwongozo asiyetumwa na mtu imefanywa zaidi kwa mdomo kuliko kwa kalamu. Tanzania ilimjua Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyezitia filamu za kigeni maneno ya Kiswahili. Kenya inaye DJ Afro. Uganda inao wasimulizi wake, wanaoitwa VJ. Hawa hutafsiri, hufafanua, hucheka, na wakati mwingine humkosoa shujaa wa filamu papo hapo. Mtu asiyejua Kiingereza hutoka ukumbini akiwa ameelewa, tena akiwa na la kusema.

Sisi tuliyasahau hayo. Daftari letu tuliliandika kwa Kifaransa, kwa sababu Kifaransa ndicho lugha ya masomo yetu, na kwa sababu, tukiri, kilitufanya tuonekane wasomi.

Miongoni mwetu alikuwamo kijana ambaye jamaa yake ilikuwa imekimbia vita huko Kalehe. Shule yake ilikuwa imekatika mara mbili, na maandishi ya chini ya picha yalimpita kabla hajayamaliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, «Anasema nini?» Mwanzoni tulimjibu. Baadaye tulimwambia, «Soma, ndugu,» tukacheka.

Mfululizo ule unaye Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano wa chombo cha anga, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina lake limetokana na neno letu «uhuru». Katika kipindi cha kwanza kuonyeshwa, tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe anayeua watu kwa kuwanyonya chumvi ya miilini mwao hujigeuza awe yule ambaye kila mmoja anamtamani. Kwa Uhura anakuja katika sura ya mwanamume mweusi, na anamsemesha Kiswahili. Sebule nzima ilipiga kelele. Yule kijana wa Kalehe hakupiga kelele. Alisema tu, «Amemjia kwa lugha ya nyumbani ili asimwogope.» Hatukuliandika neno hilo.

Wiki nyingi baadaye tulifika kwenye kipindi cha mwaka 1967 ambamo mashine iitwayo Nomad inafuta kumbukumbu za Uhura. Wenzake wanamfundisha kusoma upya kama mtoto, na katika kuhangaika na maneno anaanza kusema Kiswahili. Kijana aliuliza: «Kama wamemfuta yote, Kiswahili kilikuwa kimejificha wapi?»

Lilikuwa swali bora kuliko yote tuliyowahi kuyaweka katika ukurasa wa Makosa. Mwandishi wetu alilitafsiri kwa Kifaransa kizuri, na chini yake akaandika jina la mwingine, yule aliyemsaidia kutafsiri. Hakukuwa na hila. Ilikuwa haraka na mazoea. Lakini mtu asiyesoma Kifaransa vizuri bado anaweza kuliona jina lake, na anaweza kuona kwamba halipo.

Hakuja Jumamosi iliyofuata. Zilipita Jumamosi tatu kabla hatujaulizana. Wawili wetu walikwenda kumtafuta. Hakuwakasirikia; aliwapa viti, akawaambia, «Daftari lenu ni la wanaojua.»

Tulirudi tukanyamaza kwa muda. Kisha tukaamua kuliandika upya lote kwa Kiswahili, kipindi kwa kipindi, naye akaombwa aketi karibu na mwandishi. Kazi hiyo ilimaliza likizo nzima, na ilitufundisha jambo ambalo hatukulitarajia. Tulipolazimika kumweleza mtu mmoja waziwazi kila kosa tulilolidai, mengi yaliyeyuka. Hayakuwa makosa ya hadithi. Yalikuwa makosa yetu ya kusoma maandishi ya chini kwa haraka. Yaliyobaki yalikuwa machache na yenye uzito. La kumbukumbu za Uhura lilibaki, kwa jina la mwenyewe. Chini yake dada mmoja aliongeza jibu: lugha ya mama haikai mahali ambapo mwizi anajua kutafuta. Hatukukubaliana kama hilo lilikuwa jibu au maneno mazuri tu, basi tukayaandika yote mawili.

Tangu hapo tunaamini kwamba mwongozo hupimwa kwa mtu aliyeketi nyuma kabisa. Ukosoaji unaomwacha yeye nje ni majivuno yaliyovaa miwani. Ukosoaji unaomsogeza mbele ni namna ya kupenda, hata unapotaja makosa kumi.

Mwezi wa Februari 2025 vita viliingia mjini kwetu. Kikundi kilitawanyika, baadhi yetu walivuka hadi Burundi, na kompyuta pamoja na flashi vilipotea. Kijana wa Kalehe alihama tena na jamaa yake, na mpaka leo hatujapata habari zake. Daftari lilibaki, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba linafaa kuibwa.

Tuliobaki tunakutana tena, mapema zaidi, kabla ya giza. Hakuna picha, tunasoma daftari kwa sauti. Wadogo zetu ambao hawajaona kipindi hata kimoja hutusikiliza, na juzi mmoja wao aliuliza ni nani huyo aliyeuliza swali la Kiswahili. Tulimwambia jina lake, na tukamweleza jinsi tulivyowahi kulisahau.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

1. Katika kikundi chetu, ni nani huuliza kwa sauti ndogo, na sisi humjibu vipi?
2. Tunapokosoa wimbo, filamu au kazi ya mwenzetu, tunamsaidia nani?
3. Ni neno la nani tulilolichukua bila kuandika jina lake?