Kutoka Kasongo Hata Kabambare na Ramani Mfukoni

Mtu atokaye Kasongo kwenda Kabambare hapotei kwa wingi wa njia. Barabara ni moja, nayo yaelekea mashariki. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilometa 115, maana miji hii miwili imeachana kwa digrii moja na kidogo ya longitudo, na huku kwetu, karibu na ikweta, digrii moja ni kilometa 111 hivi. Lakini barabara haiujui mstari ulionyooka. Yazunguka mabonde, yatafuta mahali pa kuvukia mito, na msafiri wa pikipiki huuhesabu mwendo wake kwa saa na kwa matope. Kwa nini basi tuzungumze habari za chombo cha kuonyesha njia?

Sababu ni wauguzi watatu wa kituo kimoja cha afya upande ule. Walikuwa wameweka akiba pamoja kwa miezi mingi, nao wakatuuliza: kwa fedha hizi kidogo, tununue chombo gani cha GPS kwa pikipiki yetu? Hawakuwa wakipotea barabarani. Walikuwa wakipotea walipoiacha barabara. Kisanduku cha chanjo kina vipande vya barafu, na barafu haingoji. Siku moja mmoja wao alikwenda kumsaidia mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa, akafika kijiji chenye jina lile lile alilotumiwa, lakini hakikuwa kijiji chenyewe. Mama alikuwa kilometa nyingi kutoka hapo, ng'ambo ya mto mwingine. Mtoto alizaliwa kabla muuguzi hajafika. Aliishi, Mungu ashukuriwe, lakini muuguzi yule hakulisahau jambo hilo, nasi tuliona kwamba swali lake halikuwa la mchezo.

Basi mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, tukaondoka Kasongo kwa pikipiki mbili, tukiwa na vyombo vitatu vya kujaribu. Cha kwanza kilikuwa Garmin eTrex ya kuazima, chombo kidogo cha mkononi kinachotumia betri mbili za kawaida, zile za kurunzi. Cha pili kilikuwa simu mpya ya bei kubwa, mali ya mmoja wetu. Cha tatu kilikuwa simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka pembeni, iliyokuwa imekwisha kutumiwa na watu wawili kabla yetu. Vile vyombo vilivyotengenezwa hasa kwa waendesha pikipiki, kama Garmin zumo, hatukuwa navyo. Ni vizuri, vyastahimili mvua na mtetemeko, lakini bei yake ni mamia ya dola, na katika Maniema fedha hizo zasaidia sana kununua pikipiki yenyewe.

Kabla hatujaendelea, tueleze kidogo jinsi mambo haya yanavyofanya kazi, maana wengi hudhani ya kuwa pasipo rezo hapana GPS. Sivyo. Juu yetu, kwa urefu wa kilometa 20,200 hivi, zazunguka setilaiti za Marekani, na hesabu yake imepangwa isipungue 24. Kila moja yatangaza daima saa yake na mahali ilipo. Chombo chako kikizisikia nne, chaweza kukadiria mahali uliposimama. Chenyewe hakitumi neno lolote juu, chasikiliza tu. Kwa hiyo hakihitaji mnara wala yuniti. Hadi mwanzo wa mwezi wa Mei mwaka 2000 Wamarekani walikuwa wakiitia ishara ya raia kosa la makusudi, kiasi cha mita mia hivi. Tarehe 2 ya mwezi ule wakaliondoa, na ndipo chombo cha bei ndogo kilipoanza kuwa na faida kwa mtu wa kawaida. Warusi, Wachina na watu wa Ulaya nao wana setilaiti zao, na simu nyingi za siku hizi huzisikiliza hizo pia.

Rezo yahitajiwa kwa mambo mawili tu. La kwanza ni kupakua ramani, na hilo lapasa kufanywa mjini kabla ya safari, si njiani. La pili ni kuharakisha mwanzo. Simu iliyokaa muda mrefu ikiwa imezimwa haijui setilaiti zipi ziko juu yake. Penye rezo huletewa habari hizo upesi; porini yabidi isikilize yenyewe, na orodha yote ya setilaiti huchukua dakika 12 na nusu kutangazwa. Tuliona vijana wakiitupa simu mfukoni kwa hasira baada ya dakika mbili, wakisema imekufa. Iwasheni uani, mahali penye anga wazi, wakati mnapofunga mizigo. Mkimaliza kufunga, nayo itakuwa tayari.

Tulipokuwa tukipumzika chini ya mwembe, tulikumbuka wageni waliopita pande hizi wakiwa na vyombo vyao vya kupimia. Livingstone alifika Bambarre, ndiyo Kabambare, tarehe 21 Septemba 1869. Mwaka uliofuata alilala huko miezi mingi kwa vidonda vya miguu, akafika Nyangwe kando ya Lualaba mwaka 1871 tu. Cameron alifika Nyangwe mwaka 1874, akapima urefu wa mahali pale juu ya bahari, akaona ya kuwa Lualaba uko chini kuliko Nili pale Gondokoro. Basi mto huu hauwezi kuwa Nili, maana maji hayapandi. Stanley naye mwaka 1876 aliufuata mto Luama mpaka unapoingia Lualaba, kisha akakutana na Tippu Tip. Wazungu hao walibeba saa na vipimo vya nyota, na kila alasiri ya mawingu kazi yao ilisimama. Watu wa misafara hawakubeba kitu cha namna hiyo. Walijua majina ya mito na ya wakubwa wa vijiji, wakauliza. Njia yao ilipitisha pembe, ikapitisha pia watu waliofungwa minyororo. Na Kiswahili hiki tunachokiandika kilifika Kasongo kwa njia hiyo hiyo.

Turudi kwa vyombo vyetu. Simu mpya tuliifunga kwenye usukani, mbele ya macho, kama tuonavyo katika picha za wasafiri wa Ulaya. Kufika jioni, kamera yake ilikuwa haioni tena sawasawa. Kila picha ilikuwa kama imepigwa ndani ya maji. Kumbe kamera za simu za bei kubwa mara nyingi zina lenzi inayoelea ili kutuliza picha, na mtetemeko wa pikipiki huiharibu. Kampuni ya Apple yenyewe ilitoa onyo la namna hiyo kwa simu zake mwaka 2021. Simu kuukuu, ambayo kamera yake haina ufundi huo, haikudhurika kitu. Mwenye simu mpya hakucheka.

Tena kuna jambo la macho. Pikipiki iendayo kilometa 40 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde mbili. Mtu akitazama kioo kwa sekunde mbili, amekwenda mita 22 kama kipofu, na katika mita hizo barabara yetu ina shimo, ina mbuzi, ina baba anayesukuma kinga iliyobeba magunia ya mpunga. Jua nalo hukifanya kioo kuwa cheusi, na vumbi au tone la mvua hufanya kidole kisisikike. Kwa hiyo siku ya pili tuliiweka simu kuukuu ndani ya mfuko wa plastiki, tukaitia katika mfuko wa kifuani wa koti, na kioo tukakizima. Iliendelea kuandika njia yetu yenyewe. Tulisimama penye njia panda, tukatazama, tukaenda. Wako wasikilizao maagizo kwa kidude cha sikioni. Sisi hatukipendi, kwa maana penye barieri ni lazima kusikia askari anasema nini.

Na hapa lazima tuseme wazi. Katika Kabambare, hasa upande wa Salamabila na Namoya kwenye dhahabu, watu wameona bunduki nyingi. Chombo cha ajabu chenye ncha ya antena, kilichofungwa mbele ya pikipiki, chaweza kudhaniwa kuwa cha mpelelezi. eTrex yetu ilitucheleweshea safari karibu saa nzima mahali pamoja, mpaka mzee mmoja aliyetufahamu alipotusemea. Simu kuukuu hakuna aliyeiuliza, kwa kuwa kila mtu anayo. Tukiwa na chombo chema kuliko vyote kwa betri, maana eTrex huenda kama saa ishirini kwa betri mbili za dukani, tulikiona kuwa kizito kuliko vyote kwa maelezo.

Simu yenyewe shida yake ni chakula. Kioo chake hula umeme kuliko usikilizaji wa setilaiti, kwa hiyo kukizima ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni waya. Betri ya pikipiki ni ya volti 12, na simu yataka 5. Kidude cha kupunguza huuzwa sokoni kwa bei ndogo. Kifungwe baada ya swichi ya ufunguo, ili pikipiki ikizimwa nacho kisiendelee kunyonya betri, tena kiwekewe fyuzi. Fundi mmoja alitaka kukifunga moja kwa moja bila fyuzi, akisema ni kupoteza fedha. Tulimkatalia.

Ramani tuliyotumia ni ile ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo watu wa kila nchi huichora bila malipo, kwa kufuata picha zilizopigwa kutoka juu na habari za wenyeji. Iko katika programu kama Organic Maps na OsmAnd, na yaweza kusomwa bila mtandao. Tuliishukuru mara nyingi. Lakini mchoraji aliyeketi mbali huona paa, haoni jina. Huona mstari mwembamba kati ya miti, hajui kama ni njia ya pikipiki au ya mkulima aliyehama.

Jioni ya siku ile ya pili tulilijua hilo. Ramani ilituonyesha njia ya mkato kwenda kijiji cha ndani, kilometa tisa. Tukaingia. Baada ya kilometa nne majani yalifika kwenye usukani, kisha tukaona mto, na magogo mawili ya daraja yaliyooza. Mstari katika simu uliendelea ng'ambo bila wasiwasi wowote. Bibi mmoja alikuwa akitoka shambani na kapu la mihogo. Dereva wetu akamwamkia.

“Shikamoo, koko. Njia hii yafika kijijini?”

“Marahaba, wajukuu wangu. Ilifika zamani, wakati babu yenu alipokuwa hai. Ninyi nani aliwaambia mpite huku?”

Dereva akamwonyesha simu. Bibi akaitazama kwa heshima, akasema, “Huyo hajapita huku tangu daraja lianguke.” Kisha akatuelekeza: turudi mpaka penye michikichi mitatu, tushike mkono wa kushoto, tusiuvuke mto bali tuufuate. Tulifika giza likianza.

Muuguzi aliyekuwa pamoja nasi hakulala mapema usiku ule. Katika simu kuukuu alitia alama pale magogo yalipooza, akaandika “daraja limekufa”, akatia nyingine penye michikichi mitatu. Njia ya bibi ilikuwa imekwisha kuandikwa yenyewe mfukoni. Tuliona ya kuwa faida ya chombo hiki ni hiyo hasa: mwenzake akiletewa habari usiku, ataifuata njia ambayo mtu ameipita kweli, na akirudi mjini penye rezo ataweza kuirekebisha ramani ya watu wote. Alama za watu wenye silaha, au za mahali walipojificha wakimbizi, tulimshauri asiziandike kamwe.

Wauguzi hawakununua chombo cha GPS. Walinunua simu mbili zilizotumika, moja ya safari na moja ya kubaki kituoni yenye alama zile zile, pamoja na kidude cha umeme, fyuzi, betri ya akiba na mfuko usiopitisha maji. Fedha zilizobaki walinunua mpira wa ndani wa gurudumu la nyuma, nasi hatukuwa na neno la kuongeza.

Jambo moja lilibaki. Kijiji kile huitwa kwa jina la mkubwa wake, na mkubwa amefariki. Vijana husema jina la mwanawe, wazee wanashika lile la kwanza. Ndivyo muuguzi alivyokosea njia siku ile ya mama mzazi. Asubuhi alimwuliza bibi aandike lipi. Bibi akawaita wazee wawili, wakabishana mpaka chai ikapoa. Muuguzi akayaandika yote mawili, la zamani kwanza, tukawasha pikipiki.