Paka na Maua ya Nyumbani

Mwimbi, juu ya uwanda wa Ufipa, ni nchi ya mahindi. Na penye mahindi hapakosi panya. Basi paka huko hafugwi kwa urembo: yeye ni mlinzi wa ghala, na nyumba iliyompoteza hulijua pengo lake kabla ya mavuno mapya.

Mlinzi huyu huponzwa na sifa yake mwenyewe, yaani usafi. Kila kigusacho manyoya yake hufika ulimini. Mnyaa, unaofanywa wigo katika sehemu nyingi za Tanzania, hutoa utomvu mweupe unaochoma macho na kinywa. Lakini madhara yake ni mepesi mbele ya yungiyungi la bustani, ambalo wataalamu huliita Lilium, nalo huuzwa mijini kwa arusi na misiba. Chavua kidogo mgongoni mwa paka, au maji ya chombo lilimotiwa ua, yatosha kumharibu figo. Hutapika, kisha huonekana kama amepona, na baada ya siku mbili tatu figo hukoma kazi. Ajabu ni kuwa mbwa alaye ua lilo hilo huumwa tumbo tu.

Kuliweka juu ya kabati si kinga; nani aliyemfundisha paka kutopanda? Lisiingie nyumbani kabisa. Paka aliyelilamba aoshwe manyoya, apelekwe kwa bwana mifugo siku ile ile bila kungojewa atapike, maana kutoka Mwimbi mpaka Sumbawanga si karibu. Mpenda maua na apande waridi: lina miiba, lakini halina sumu kwa paka.